Mama Mja Mzito na Mkono Umkandao

Mwaka 2023, siku moja baada ya kipindi cha mwisho, msichana mmoja wa darasa letu huko Kanyabayonga alibaki nyuma wenzake walipotoka. Alikuwa hakuja shuleni siku mbili. Tulidhani ataka kueleza sababu ya kukosa, kumbe alikuwa na swali. "Mwalimu," alisema akitazama chini, "mafuta ya mawese yakipashwa moto sana, je, yaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni?" Tulimwuliza ni mtoto wa nani. Ndipo alipotueleza kwamba mama yake alikuwa na mimba ya miezi saba, kwamba mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba toka paja hata kifundo, ukimwuma usiku kucha, na kwamba nyanya yake alikuwa akiukanda asubuhi na jioni kwa mawese ya moto, kwa nguvu zake zote, ili maji yatoke. Yeye mwenyewe alikaa nyumbani siku mbili kuushikilia mguu ule usitikisike.

Sisi tu mwalimu, si mganga. Twafundisha sarufi na hesabu, na juu ya mafuta hatukuwa na jibu. Lakini kulikuwa na neno moja katika maneno yake lililotushtua. Hakusema miguu, alisema mguu. Tulikuwa tumewahi kumsikia muuguzi mmoja akiwaonya akina mama juu ya jambo hilo hasa. Tulifunga vitabu, tukaongozana na msichana hata kwao. Yaliyofuata tutayaeleza mbele, maana kwanza yafaa msomaji ajue kwa nini neno dogo kama lile lilitosha kutuondoa shuleni mbio.

Wengine watashangaa kuona mwanamume akiandika juu ya mambo ya akina mama. Nasi twakubali kwamba mambo haya ni ya heshima, na kwamba wanawake wazee wayajua mengi ambayo hayamo katika vitabu vyetu. Lakini mara nyingi baba ndiye ashikaye fedha za pikipiki ya kwenda hospitali, na neno lake ndilo lingojewalo usiku mama anapozidiwa. Baba asiyejua kitu hukawia, na kukawia kwake kwaweza kuua. Basi na tuseme wazi.

Asiyeijua Kanyabayonga na aelezwe kidogo. Ni mji ulio juu milimani, pale Lubero inapopakana na Rutshuru, katika barabara ya taifa namba 2 itokayo Goma kwenda Butembo. Ukisimama ukingoni waona chini kabisa uwanda wa Rwindi na mbuga ya Virunga. Mashamba yako kwenye miteremko. Mama hushuka alfajiri na jembe, hupanda jioni na mzigo wa viazi, maharagwe au kuni mgongoni, kamba ikipita katika paji la uso. Shingo huvuta, kiuno hujibu. Tena akiwa na mimba, tumbo lavuta mbele, kiuno chapinda kuingia ndani, na vifungo vya nyonga vyalegea ili kumtengenezea mtoto njia. Akifika nyumbani, akiketi karibu na moto na kusema, "Mama, nikande kidogo," ni nani atakayemlaumu?

Wala si hapa kwetu tu. Pwani ya Waswahili, toka Lamu hata Unguja, mzazi hukandwa kwa maji ya moto katika siku arobaini baada ya kujifungua, na kazi hiyo ina wanawake wake waliorithi ujuzi kwa mama zao. Mbali sana, huko Mexico, wakunga wa Kimaya wa nchi ya Yucatán huwakanda wajawazito, na kukanda huko kwaitwa sobada. Mahali pengi duniani watu wamegundua kwamba mkono wenye joto, mkono wa mtu aujuaye uchungu wako, hupunguza uchungu. Nao wataalamu hawakatai. Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2018 juu ya mama aliye katika uchungu wa kuzaa, lilikubali kwamba kukandwa na kuwekewa vitambaa vya moto vyaweza kutumika kumpunguzia maumivu mama mzima atakaye hivyo. Kwa maumivu ya mgongo wakati wa mimba, maagizo ya mwaka 2016 yalitaja mazoezi ya mwili, tiba ya viungo na mishipi ya kuutegemeza mgongo.

Kwa hiyo hatuandiki ili kuwakataza akina mama wasikandwe. Twaandika kwa sababu mkono ule ule upunguzao uchungu waweza, ukiwekwa mahali pasipofaa au siku isiyofaa, kuleta msiba.

Mguu mmoja

Tuanze na mguu, kwa kuwa ndio uliotuleta hapa.

Mwili wa mama mwenye mimba hujiandaa mapema kwa siku ya kujifungua, siku ambayo damu itatoka. Kwa hiyo damu yake huganda upesi kuliko ilivyo kwa mwanamke asiye na mimba. Hiyo ni akili ya maumbile, lakini ina gharama yake. Wakati huo huo mtoto akuaye huilalia mishipa ipandishayo damu kutoka miguuni, na damu huenda polepole. Damu iwezayo kuganda upesi, tena iendayo polepole, yaweza kufanya bonge ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Waganga wasema hatari hii kwa mja mzito ni mara nne au tano kupita ya mwanamke mwingine, nayo huzidi tena katika majuma ya kwanza baada ya kuzaa. Nao mguu wa kushoto ndio upatwao mara nyingi zaidi, kwa kuwa mshipa wake hupita chini ya mshipa mwingine wenye nguvu na kubanwa nao kule nyongani.

Bonge hilo likikaa mahali pake, mguu huvimba na kuuma. Likikatika, husafiri na damu hata moyoni, na kutoka moyoni hata mapafuni, na huko huziba njia. Mama aliyekuwa akizungumza hushikwa na pumzi, hushika kifua, na mara nyingine hufa kabla hajafika mtu wa kumsaidia. Sasa fikiri: ni kitu gani kiwezacho kulikata bonge lililoshikamana na mshipa? Ni mkono wenye nguvu, ukikamua mguu kutoka chini kwenda juu, asubuhi na jioni.

Twajuaje basi uvimbe wa kawaida na uvimbe wa hatari? Wajawazito wengi huvimba miguu yote miwili jioni, hasa wakisimama mchana kutwa, na wakilala usiku uvimbe hupungua. Huo kwa kawaida si wa kuogopwa, na kuipapasa miguu hiyo polepole, kutoka nyayo kwenda magotini, humfurahisha mama bila kumdhuru. Lakini mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, ukiuma nyama ya nyuma au paja, ukiwa na joto kuliko mwenzake, usiguswe kwa kukandwa hata kidogo. Vitabu vingine husema tutazame wekundu. Juu ya ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi weka kiganja juu ya miguu yote miwili na upime joto. Hata mishipa iliyotutumka na kujikunja kama kamba chini ya ngozi isikandamizwe.

Kichwa, macho na uso

Kuna uvimbe mwingine ambao si wa kukandwa, nao ni wa uso na mikono. Mama ambaye mimba yake imepita miezi mitano, akiamka na uso uliojaa, akilalamika kichwa kisichopoa, akiona kama vimulimuli au ukungu mbele ya macho, au akiumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, huyo yawezekana ana shinikizo la damu la mimba. Mara ngapi tumeona mama wa namna hiyo akikandwa paji la uso na shingo kwa dawa ya kupaka yenye harufu kali, akiambiwa ni uchovu! Kukandwa kwaweza kumpumzisha kidogo, na hapo ndipo penye hatari, maana akisikia nafuu hukaa nyumbani. Siku ya pili au ya tatu huanguka na kutetemeka mwili mzima. Ndicho kifafa cha mimba, ambacho majirani wengine huita uchawi.

Kipimo chake si kigumu. Katika kituo cha afya muuguzi hufunga mkanda mkononi na kusoma. Ikiwa ni 140 juu au 90 chini, au kupita hapo, ataka kumwona mama huyo tena upesi, na kupima mkojo. Dawa ya kuzuia na kutuliza kifafa hicho, iitwayo magnesi salfati, yajulikana na si ngeni katika hospitali. Lakini haifiki kitandani mwa mtu aliye nyumbani akipakwa mafuta.

Tumbo

Juu ya tumbo twajua tutawaudhi baadhi ya bibi zetu, nao watusamehe.

Ipo desturi ya kukanda tumbo la mja mzito ili "kumweka mtoto sawa", au kulipandisha tumbo lililoshuka, au kumgeuza mtoto aliyekaa matako chini. Mkunga mzee hupaka mafuta viganja, hutafuta kichwa cha mtoto, husukuma. Siku nyingine mtoto hugeuka kweli, na sifa za mkunga huenea hata Kirumba na Kayna. Lakini sikilizeni hesabu hii, ninyi wanafunzi mpendao hesabu. Katika juma la 28 la mimba, kama mtoto mmoja katika watoto watano amekaa matako chini. Mimba inapotimia, hubaki watatu au wanne tu katika mia. Hao wengine wote waligeuzwa na nani? Na nafsi zao! Walijigeuza ndani ya maji yao kadiri walivyokua. Basi mkunga amgeuzaye mtoto wa miezi saba mara nyingi amefanya kazi ambayo ingejifanya yenyewe, tena ameifanya kwa kujitia katika hatari.

Hatari gani? Ndani ya mji wa mimba kondo la nyuma limeshikamana na ukuta kama mzizi mdogo katika udongo. Likisukumwa kwa nguvu laweza kung'oka kabla ya wakati; damu ikamwagika ndani, mama asione hata tone, na mtoto akakosa pumzi. Pengine kondo limekaa chini, mlangoni kabisa, na kila msukumo huleta damu. Na mama aliyewahi kupasuliwa ana kovu katika mji wake wa mimba. Kovu hilo ni kama mshono wa gunia. Likilazimishwa, hasa wakati wa uchungu, laweza kufumuka. Tena si kovu peke yake. Kwetu Wanande jina la mtoto huonyesha zamu yake ya kuzaliwa, na mama ambaye mwanawe wa mwisho aitwa Katembo au Mbusa amekwisha kuzaa mara tano au sita. Mji wa mimba uliochoka namna hiyo nao huweza kupasuka upesi kuliko wa Masika anayezaa mara ya kwanza.

Mtu ataniambia: mbona waganga nao huwageuza watoto? Ni kweli. Lakini hungoja hata juma la 36 au 37, wakiwa wamekwisha kuona kwa mashine kondo liko wapi, wakisikiliza moyo wa mtoto kabla na baada, na chumba cha upasuaji kikiwa tayari mlango wa pili. Hata hivyo hufaulu kama nusu tu ya mara wanazojaribu, na mtoto akikataa humwacha. Huo mwisho ndio tuupendao zaidi: kujua kuacha.

Wala msimchanganye mkandaji na muuguzi apapasaye tumbo siku ya kupima mimba. Mwanafunzi mmoja alituuliza swali hilo kwa ujanja, akidhani ametunasa. Yule muuguzi hasukumi. Anasoma kwa vidole. Ataka kujua kichwa kiko wapi, mgongo uko upande gani, mtoto amekua kadiri gani.

Na liko jambo baya kuliko yote, nalo ni kulilalia tumbo la mama wakati wa kuzaa ili mtoto atoke haraka. Hufanywa vijijini, na tumesikia kwamba hufanywa hata mahali penye vitanda vya chuma na watu wenye koti jeupe, kwa haraka au kwa uchovu. Shirika la Afya Duniani katika maagizo yale ya 2018 halishauri kulisukuma tumbo kwa mikono namna hiyo. Mama, au mtu aliyefuatana naye, aweza kusema kwa adabu, "Tafadhali, usinikalie tumbo." Si utovu wa heshima.

Ile miezi mitatu ya kwanza

Watu wengi huogopa kumgusa mama katika miezi mitatu ya mwanzo. Hapa twapenda kusema kweli yote, hata ile isaidiayo upande wa pili. Mimba nyingi ziharibikazo huharibika katika majuma kumi na mawili ya kwanza, na sababu kubwa ni kwamba mbegu yenyewe haikuungana vizuri tangu mwanzo. Hakuna aliyefanya kosa. Hakuna ushahidi kwamba kukandwa mabega au mgongo kwa upole huitoa mimba. Lakini kama shangazi alimkanda binti jana na leo mimba imetoka, jamaa yote itamnyoshea kidole, na wawili wale hawatapatana tena. Kwa hiyo wakandaji wenye busara hungoja. Kukanda tumbo kwa nguvu, au kumnywesha mama dawa za mizizi wakati wa kumkanda, hilo ni neno jingine kabisa. Baadhi ya mizizi hukaza mji wa mimba, na hakuna ajuaye kipimo chake. Ukaze huo waweza kumwua mtoto na kumpasua mama. Yule asemaye, "Nimemkanda tu," yafaa aulizwe kikombe kilikuwa na nini.

Mikono yenyewe

Sisi watu wa Kivu ya Kaskazini hatuhitaji kufundishwa sana kwamba ugonjwa hupita mikononi. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ilikaa Beni, Butembo, Katwa na kwingineko hata tarehe 25 Juni 2020, ikachukua watu 2,287. Tulijifunza kunawa mlangoni, tukajifunza kusalimiana bila kushikana. Mambo hayo yasisahauliwe. Mama mwenye homa hakandwi. Hupelekwa kupimwa malaria, maana malaria ya mja mzito humnyima mtoto chakula hata azaliwe mdogo. Mwenye vipele au madonda mwilini hakandwi. Mwaka 2024 ugonjwa wa mpoksi ulienea katika nchi yetu hata Shirika la Afya Duniani likautangaza tarehe 14 Agosti kuwa hatari ya mataifa yote, nao hupita kwa ngozi kugusa ngozi. Mkandaji naye akiwa na kipele au homa, na akae kwake.

Kabla na baada, anawe kwa sabuni hata viwiko. Akate kucha. Avue pete na bangili. Mafuta yawe ya uvuguvugu, yajaribiwe kwanza nyuma ya mkono wake mwenyewe. Ngozi ya mja mzito ina joto tayari. Mawese, mafuta ya nazi, hata mafuta ya kawaida ya kupikia yatosha, na hakuna mafuta yenye nguvu ya kugeuza kitu chochote ndani ya mwili. Yale yachomayo ngozi hayana faida kwa mama wala kwa mtoto.

Namna ya kukanda

Mimba ikipita miezi mitano, mama asilazwe chali. Mji wa mimba uliojaa hulalia mshipa mkubwa urudishao damu moyoni, na mama husikia kizunguzungu, jasho baridi, kichefuchefu. Mtoto naye hupungukiwa. Alale ubavu, hasa wa kushoto, na kitenge kilichokunjwa kati ya magoti, kingine chini ya tumbo. Asipoweza kulala, na aketi kinyume juu ya kiti, akiegemeza mikono na kichwa juu ya mgongo wa kiti. Hivyo mgongo wote uko wazi.

Mkono ukandao mama si mkono upondao sombe. Uanze mabegani na shingoni, pale kamba ya mzigo ilipovuta, kwa kiganja chote, si kwa ncha za vidole. Ushuke pande mbili za uti wa mgongo, si juu ya mfupa wenyewe. Kiunoni ukae zaidi, kwa kuzungusha polepole. Mikono ya mama na nyayo zake zapenda kukandwa, na humletea usingizi. Mkandaji aulize mara kwa mara, "Yauma?" na mama ajibu kweli, asione haya kwa kuwa mkandaji ni mama mkwe wake. Hapa ndipo penye ugumu, twajua. Mke kijana hawezi kwa urahisi kumwambia mama mkwe, "Basi, yatosha." Mume na amsemee. Nusu saa yatosha, hata robo.

Siku ya uchungu, mume akiruhusiwa kukaa karibu, anayo kazi. Asimame nyuma ya mke wake, akandamize kwa kiganja mfupa wa kiuno, pale chini juu ya matako, kila uchungu unapokuja, na kuachia unapokwisha. Kazi hiyo haihitaji cheti. Tumewaona akina baba waliokuwa wakirandaranda uani kama kuku waliokosa tundu, wakapewa kazi hiyo wakatulia.

Baada ya mtoto kuzaliwa, mkunga wa hospitali aweza kulisugua tumbo ili mji wa mimba ukaze, kama damu yatoka mno. Hiyo ni kazi yake, naye ameifundishwa. Wanawake wa nyumbani wasiiendeleze kwa siku nyingi, na hasa wasimmwagie maji ya moto tumboni mama aliyepasuliwa. Kidonda kibichi chataka ukavu. Wale wa pwani tuliowataja hapo juu, wenye busara kati yao, humkanda mzazi wa namna hiyo miguu na mgongo, wakaliacha tumbo. Na lile onyo la mguu mmoja halimalizwi na kuzaliwa kwa mtoto. Majuma sita ya kwanza ndiyo ya kuangaliwa zaidi.

Tukumbuke pia akina mama waliotembea. Tarehe 28 Juni 2024 Kanyabayonga ilipoanguka mikononi mwa M23, watu walipanda barabara kwenda Kirumba, Kayna, Lubero na Butembo, na kati yao walikuwako waja wazito wenye magodoro kichwani. Mama aliyetembea siku mbili, kisha akaketi au kulala siku tatu katika darasa la shule bila kusogea, ana uchovu wa mifupa, na pia ana ile damu iendayo polepole tuliyoieleza. Kabla ya kumkanda, mtazameni miguu yote miwili. Kisha mpeni maji ya kunywa, na mmtembeze kidogo.

Neno moja kwa wauguzi wetu, nasi twalisema kwa heshima. Akina mama hawaendi kwa mkunga mzee kwa ujinga tu. Huenda kwa sababu yule bibi huwaita kwa jina, huwapasha mikono joto, huwasikiliza nusu saa. Kituoni hungoja toka asubuhi, wakapimwa kwa dakika tatu na mtu asiyewatazama usoni. Kama muuguzi angemwuliza kila mama, "Ni nani akukandaye nyumbani, naye hukanda wapi?" angejua mambo mengi yasiyoandikwa katika fishi. Na kama angemwita yule bibi siku moja aje naye!

Sasa turudi kwa yule msichana. Tulipofika kwao, nyanya alikuwa amepasha mawese tena. Tulimwamkia, tukaketi, tukasema kwamba tumekuja kuomba tu jambo moja, mguu ule usiguswe hata uonwe na mganga. Alikasirika. Alisema amezalisha wajukuu wake wote kwa mikono hiyo miwili. Hatukubishana naye, tulisema ndiyo, tena twawafundisha baadhi yao shuleni. Hapo alicheka kidogo. Baba alikuwa shambani. Mwana mkubwa alikimbia kumwita, na kabla ya jua kutua mama alikuwa hospitalini, amelazwa ubavu juu ya machela. Mganga alimtazama mguu, akauliza kama ana shida ya pumzi. Hakuwa nayo. Lilikuwa bonge la damu katika paja. Alipewa sindano za chini ya ngozi za kuizuia damu isizidi kuganda, ambazo hazimfikii mtoto, naye aliendelea nazo hata baada ya kujifungua.

Nyanya alikaa naye wodini majuma yale yote. Siku tuliyowatembelea tulimkuta akimwuliza muuguzi, mbele ya wagonjwa wote, kama shingo ya binti yake yaruhusiwa. Muuguzi alisema yaruhusiwa. Bibi alinawa, akakausha mikono kwa kitenge chake, akasimama nyuma ya kitanda.